Mlulu Usiokatwa

Mvua za kwanza za Desemba mjini Iringa hazibishi hodi. Utasikia kishindo kwenye mabati ya jirani wa juu, utachungulia dirishani, na kabla hujafika kwenye kamba nguo zimekwisha kulowa. Kwetu Kihesa nyumba zimejipanga kwenye mteremko kama ngazi, na maji ya kila bati ni mgeni wa nyumba iliyo chini yake. Ya kwangu yalikuwa yakimtembelea mzee mmoja, fundi seremala mstaafu. Kwa miaka mitatu alipanga viroba vya mchanga nyuma ya jiko lake, na kila ilipofika Novemba alipanda taratibu hadi getini kwangu.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba."

"Na mwaka huu yatakuja?"

Hakuwahi kuongeza neno. Angenigombeza ningejua la kujibu.

Siku moja nikakaa na karatasi kupiga hesabu ambayo nawafundisha watoto wa darasa la sita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati langu linafunika mita za mraba 90. Mvua ya milimita 40, ambayo huku inaweza kushuka kwa alasiri moja, ni lita 3,600, yaani ndoo kubwa 180. Tangi langu la lita 1,000 lilikuwa linajaa kabla mvua haijafika katikati, na ndoo zote zilizobaki nilikuwa namwagia mtu mlangoni, kisha asubuhi namwamkia.

Sehemu ya maji hayo unaweza kuivuna. Hapa nazungumzia yale yanayokushinda kuvuna, na mmea uliokuja kuyapokea.

Jina "bustani ya mvua" si letu. Lilitoka Maryland, Marekani, mwaka 1990, katika wilaya ya Prince George's, ambako mjenzi wa mtaa mpya uitwao Somerset na maofisa wa wilaya, akiwemo mtaalamu wa mazingira Larry Coffman, walichoka na mabwawa makubwa ya kupokea maji ya mvua. Badala yake wakaipa kila nyumba beseni lake la udongo lenye mimea, maji yaingie humo, yatulie, yazame. Jambo lenyewe ni jepesi kiasi kwamba mtu wa Mufindi anayelima kinyungu, yaani shamba la bondeni, angeuliza lina upya gani. Bonde lenye majani hupokea maji ya mlima, huyashika na kuyaachia polepole. Walichofanya Wamarekani ni kulipunguza bonde likaingia uani.

Nilianza kwa kupima udongo, na sikuruka hatua hiyo kwa sababu nilikwisha kusoma majuto ya walioiruka. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, halafu weka rula na saa. Shimo linaloshusha sentimita mbili na nusu kwa saa ni zuri sana. Udongo wangu mwekundu ulishusha sentimita moja na kidogo. Maana yake beseni la kina cha sentimita 20 lingekauka kwa saa kumi na saba hivi. Si haraka, lakini inatosha. Ukikuta maji yamelala siku mbili bila kupungua, achana na mahali hapo au uondoe udongo na kuchanganya mchanga. Na usichimbe karibu na msingi wa nyumba. Mimi niliacha mita nne. Shimo la choo nalo liwe mbali, tena liwe upande ambao maji hayaelekei.

Beseni lenyewe lilichukua Jumamosi mbili, vijana wawili, sururu na toroli la kuazima. Mita za mraba 14, kitako kimesawazishwa kwa mpira wa maji kama fundi anavyosawazisha msingi, na udongo uliotoka ukawa tuta upande wa chini. Kwenye tuta tukaacha mlango uliopangwa mawe, ili mvua ya kupindukia itoke kwa njia tunayoichagua sisi. Bomba la gata nikalileta juu ya kilima kidogo cha kokoto ili maji yasichimbe yanapoangukia. Kazi ya jembe ilikuwa imekwisha. Nilidhani nimemaliza.

Kilichobaki ni mimea, na hapo nilipotea msimu mzima.

Tatizo la bustani ya mvua nyanda za juu kusini ni kwamba inadai mmea wenye tabia mbili zinazopingana. Kuanzia Desemba hadi Aprili mizizi italala majini kila baada ya siku chache. Kuanzia Mei hadi Novemba haitapata tone. Maua ya kununua kwenye vitalu vya barabarani hufa kwa la kwanza, mimea ya ziwani hufa kwa la pili. Mafunjo, kwa mfano, nayapenda kuliko mmea wowote, lakini mafunjo yanataka miguu majini mwaka mzima. Vitabu vya Marekani vinasifu Juncus effusus, jani la duara lisilo na pingili, linalostahimili mafuriko na ukame wa wiki kadhaa. Jamii hiyo ya Juncus tunayo Afrika Mashariki, kwenye milima yenye baridi; usiitafute Dar es Salaam. Nami sikuijua sura yake wakati huo, kwa hiyo nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya: nikashuka Ipogolo, mto Ruaha Mdogo unapopita, nikachimba matete.

Matete yalishika kwa wiki mbili. Kufikia Machi yalikuwa yamenipita kimo. Kufikia msimu uliofuata ncha zake kali zilikuwa zimepita chini ya tuta na chini ya uzio, na yule mzee seremala akapanda tena getini. "Kamwene, mwalimu. Sasa unaniletea na majani." Niliyang'oa kwa sururu mwezi mzima. Matete ni mmea mwema mahali pake, ukingo wa mto au bwawa la majitaka lenye kuta za zege. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelitumia tete la kwetu, Phragmites mauritianus, kusafisha majitaka kwenye mabwawa ya aina hiyo. Ila kwenye beseni la mita za mraba 14 ni sawa na kumfuga ng'ombe sebuleni.

Mlulu nilioneshwa sokoni, na sikuwa nimeufuata. Nilikuwa namnunulia dada yangu kikapu.

Vikapu vya Iringa vinajulikana mbali. Vinafika maduka ya Ulaya na Marekani vikiwa na vishikio vya ngozi na bei ambayo msusi wake hawezi kuiamini. Vinasukwa kwa milulu, majani marefu yasiyo na pingili yanayoota mabondeni. Mama mmoja aliyekuwa anauza vikapu vyake mwenyewe alikuwa amekaa na tita pembeni, analowesha kidogo, anasuka, analowesha tena. Nikamuuliza milulu hiyo inaota wapi.

"Bondeni, mwanangu."

"Kiangazi bonde likikauka?"

"Inakauka nalo. Juu inakauka. Chini ipo."

Nikamwomba shina moja. Likizungushwa kati ya kidole gumba na cha shahada halizunguki, lina kona. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote kwa mtu asiye na kitabu. Shina lenye kona tatu ni la jamii ya ndago na mafunjo. La duara lenye pingili kama muwa ni la jamii ya nyasi, na matete yamo humo. La duara, laini, bila pingili hata moja, huenda ndilo Juncus ya vitabu. Yako mashina yasiyofuata kanuni hii hapa na pale, lakini kwa kununua au kuchimba kipimo hiki kinatosha. Onyo moja: jina milulu watu wa mabonde tofauti wanaweza kuliita jani tofauti, kwa hiyo usimtume mtu akuletee kwa jina. Nenda ukalishike mwenyewe. Na ukimweleza mkulima kwamba unapanda uani binamu wa ndago, jiandae kuulizwa kama una homa.

Nilienda na yule mama kwao, upande wa Mufindi. Bonde lake lilikuwa limebaki ukanda mwembamba. Juu yake kulikuwa na milingoti, na pande zote mbili vinyungu vya kabichi na mahindi ya kuchoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji, na katika mkoa huu mita hizo 60 zimezua maneno mengi, kwa sababu kinyungu ndicho kinachomlisha mtu kati ya Agosti na Desemba ghala likiwa tupu. Sitaki kuwahukumu wenye kabichi. Lakini mto Ruaha Mkuu, ambao maji ya mabonde haya huuendea, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wasusi wa vikapu wanayaona mabonde yakipungua, maana wao ndio wanaotembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta tita lilelile. Bustani yangu haitauokoa Ruaha. Naliweka jambo hili hapa ili ajuaye kuchimba ajue pia kwamba anachimba kwenye stoo ya mtu.

Kwa hiyo tulichimba kwa masharti yake. Vichaka tisa tu, kutoka pembeni na si katikati, kila kimoja kimebeba machipukizi manne au matano na kipande cha lile shina nene linalotambaa chini ya tope. Huko chini ndiko mmea ulipo hasa. Majani ya juu ni mashuka tu. Tukavifunga kwenye viroba vilivyolowa. Yeye ndiye aliyeniambia nipande mvua zikishatulia, wiki ya tatu ya Desemba, na si mapema kwa pupa. Niliwahi kupanda vichaka vitatu vya majaribio Septemba nikivimwagilia kwa kopo, na vyote vilikufa. Mama hakushangaa. "Umewapa maji lakini hujawapa mvua," alisema, na mpaka leo sijui namna bora ya kulieleza jambo hilo kwa sayansi. Pengine ni unyevu wa hewa, pengine jua la Septemba.

Nilivipanda kwa umbali wa hatua ya mguu mmoja na nusu, kitakoni mwa beseni, shingo ya mmea ikiwa usawa wa udongo. Kwenye miteremko ya beseni niliacha nyasi za kienyeji zijioteshe zenyewe. Zilijiotesha. Ndago nazo zilikuja bila mwaliko, na hizo nazing'oa kwa mkono na kiazi chake, nikijua nitazing'oa maisha yangu yote.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku, tarehe 28. Nilisimama na tochi nikaona maji yakipanda kwenye milulu hadi vidole vinne kutoka kwenye ncha, kisha mlango wa mawe ukatoa kidogo, kisha mvua ikakatika. Kesho yake jioni beseni lilikuwa tope. Chini, kwa mzee, viroba vilikuwa vikavu.

Mmea huu unaishije majini bila kuzama? Pasua shina kwa wembe. Ndani si tupu kama mwanzi, wala si nyama kama muwa. Ni sifongo, vyumba vidogo vilivyojaa hewa kutoka juu hadi kwenye mizizi. Udongo uliolowa chepechepe hauna hewa, na mizizi ya mchicha au mhindi hukosa pumzi humo ikaoza. Mlulu unajiteremshia hewa yake wenyewe, na nyingine inavuja kwenye tope lililouzunguka mzizi. Katika ukanda huo mwembamba, wenye hewa upande mmoja na usio na hewa upande wa pili, bakteria hufanya kazi ya kuvunja uchafu ambayo mmea peke yake usingeiweza. Mjerumani Käthe Seidel, wa Taasisi ya Max Planck, alianza kulijaribu jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jani refu la mabwawa ya Ulaya linaloitwa kitaalamu Schoenoplectus lacustris, na wahandisi wa wakati wake hawakumchukulia kwa uzito. Kampala hawakuhitaji majaribio. Kwa miaka mingi mafunjo ya bonde la Nakivubo yamepokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia kwenye ghuba ileile ya Ziwa Victoria ambako mji unachota sehemu ya maji yake ya kunywa, huko Ggaba.

Mimi nilipopanda, nilidhani mmea ukishasimama kazi imekwisha. Huko ndiko walikokosea wengi wa wenye bustani za mvua ninazozijua, na hata mimi mwaka wa pili. Milulu ilijaza beseni. Wageni waliisifu. Sikukata hata jani kwa sababu ilipendeza. Kiangazi kikaja, yote ikawa ya kahawia, ikalala; mvua zilizofuata zikaikuta imelala, na machipukizi mapya yakatoka kwa shida kupitia godoro la mizoga. Katikati ya kila kichaka pakawa na upara. Maji nayo yakaanza kuchelewa kuzama, maana majani yaliyooza yaliziba udongo kwa utandu mweusi.

Mkemia atakueleza vizuri zaidi. Naitrojeni na fosforasi ambazo mmea umezinyonya kutoka kwenye maji ya bati, kinyesi cha ndege na vumbi la barabara zinakaa ndani ya shina. Shina likioza palepale, vyote vinarudi palepale. Mmea unavitoa kweli siku ile tu unapoukata na kuupeleka kwingine. Yule mama alilieleza kwa maneno machache zaidi alipokuja kununua chumvi mjini akapitia kwangu kuwaona "watoto wake". Alisimama ukingoni, akanitazama kwa huruma.

"Mlulu usiokatwa unajinyonga, mwanangu."

Akaomba mundu. Tulikata vyote siku hiyo, shubiri moja juu ya udongo. Shubiri hiyo ina sababu: visiki vibaki juu ya maji iwapo mvua isiyotarajiwa itashuka, kwa sababu mmea unapumua kupitia visiki hivyo, na ukiukata chini ya maji umeuziba pua. Kwa hiyo tunakata Mei, mvua zikishakoma na shina likiwa bado la kijani, halijaanza kuwa kahawia. Kwa msusi huo ndio wakati wa shina gumu lisilokatika. Kwa mwenye bustani ndio wakati ambao virutubisho vingi bado viko juu. Nimetafuta mahali pengine ambapo mahitaji ya mteja na ya mmea yanakutana namna hii, sijapata.

Kuhusu mbu niseme kwa ufupi, kwa kuwa kila mgeni huuliza. Katika joto, yai la mbu linahitaji wiki moja hadi mbili mpaka liwe mbu anayeruka. Katika baridi yetu huchukua zaidi. Beseni linalokauka kwa siku moja halimlei. Afisa afya wa kata alikuja na kata nyeupe ya kuchotea, akachota beseni langu asubuhi baada ya mvua, hakupata kiluwiluwi. Kisha akapanda ngazi, akachota kwenye gata langu lililozibwa na majani ya mwembe. Huko walikuwa wamejaa. Sijawahi kusafisha kitu kwa haraka kama siku ile.

Mwaka wa tatu nikajifanya mwerevu. Niliona kiangazi kinaipausha milulu, nikaelekeza maji ya kuoshea vyombo jikoni yaingie upande mmoja wa beseni. Niliyapitisha kwanza kwenye ndoo ya mchanga na kokoto kuzuia mafuta, na maji ya sabuni ya unga ya kufulia niliyaacha nje, kwa sababu chumvi zake huuziba udongo mfinyanzi. Matokeo yalinifurahisha. Upande ule ulibaki kijani hadi Oktoba, milulu mirefu kupita kifua changu, ya rangi nzito. Upande wa pili ulikuwa mfupi na mkavu, wa kuonea aibu. Nilipiga picha upande mmoja tu.

Mei iliyofuata mama alikuja na binti yake na kamba za kufungia. Sasa vichaka vilikuwa zaidi ya thelathini, na tulikuwa tumepatana kwamba matita ni yake na mimi napata kikapu kimoja kila mwaka. Nilimpeleka kwanza kwenye upande wangu wa kijani. Alikata shina moja, akalikunja kwenye kidole. Likavunjika. Akakata la pili, akalibana kwa ukucha, likatoa maji. Hakusema kitu. Akazunguka beseni, akaenda kwenye ule upande mfupi, akakata, akakunja, likakunjika mara tatu bila kupasuka. Akamwita binti yake aje huku na kamba.

"Na hii mirefu, mama?"

"Hiyo wape mbuzi," alisema. "Imekula ikashiba sana, imelegea. Huku ndiko walikokaa na njaa."

Walifunga matita matatu. Yule mzee wa chini alikuwa amepanda kuona kuna nini, akayabeba mawili hadi barabarani kwenye bajaji, akarudi akifuta mikono kwenye suruali. Mimi nilikuwa nimekwisha shika koleo, nauziba mfereji wa jikoni.